Umeuliza nani amechinja, je, umelipa?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo vibaya. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wasafiri wa barabara ya Mwanza kwenda Dodoma na Dar es Salaam wanaijua vyema stendi ya mabasi ya Singida. Basi lililoondoka Mwanza alfajiri, likapita Shinyanga, Nzega na Igunga, kisha likapanda mlima Sekenke, hufika hapo mchana, abiria wakiwa wamechoka na njaa imewashika. Hapo ndipo wachuuzi hulizunguka basi. Huyu ana asali, yule ana vitunguu, mwingine amebeba madumu ya mafuta ya alizeti. Lakini kilichoipatia Singida jina nchi nzima ni kuku wa kienyeji, na mezani kwa mama lishe huwezi kukaa kitambo bila kuulizwa kama utakula kuku.

Hivi karibuni nilikuwa mmoja wa abiria hao. Niliketi kwenye benchi la mama mmoja wa makamo, penye sufuria mbili za kuku wa mchuzi, ugali wa mtama na mlenda. Mbele yangu aliketi kijana mwenye kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono. Hakuamkia wala hakusalimu. Alilolianza ni swali, tena kwa sauti iliyosikika meza zote.

"Kuku huyu amechinjwa na nani? Maana nyinyi hamwaminiki."

Yule mama alinyamaza kidogo, akafunika sufuria. Kisha akasema kwa utaratibu, "Mwanangu, mimi ni Mkristo, sikufichi. Lakini kuku wangu wote huchinjwa na mzee wa msikiti ule pale, kila siku akitoka kuswali Alfajiri. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya hivyo. Ukitaka, nitume mtoto akamwite."

Kijana alitikisa kichwa kwamba ameridhika. Akanawa, akapiga Bismillahi, akala mpaka akalamba vidole. Mara dereva akapiga honi, kondakta akaita, abiria wakainuka kwa pamoja. Yule mama alikuwa amekwenda kibanda cha jirani kumtafutia mteja mwingine chenji. Kijana alitazama huku na huku, akafuta mikono, akakimbilia basi.

Ikatokea kwamba kiti chake kilikuwa jirani na changu. Nikamuuliza kama alimlipa mama.

"Hakuwepo, mzee," akajibu. "Na basi lilikuwa linaondoka. Nitampa siku nikipita tena."

"Utapita lini?"

"Allah ndiye ajuaye."

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana huyu si jambazi, wala si mtu asiyejali dini yake. Aliuliza juu ya kuchinjwa, akataja jina la Mola wake kabla ya kula, na hapana shaka angekataa chakula kile lau angeambiwa kuku hakuchinjwa kisheria. Hata hivyo aliinuka mezani akiwa amekula mali ya mtu bila ya ridhaa yake, na moyo wake ukatulia. Kuku aliyemfikia akiwa halali, yeye mwenyewe alimfanya kuwa dhulma.

Kuuliza si kosa, kudharau ndiko kosa

Isije ikadhaniwa kwamba makala haya yanapuuza suala la kuchinja. Qur'an Tukufu, katika Sura Al-Maida aya ya 3, imetaja nyamafu, damu na nyama ya nguruwe miongoni mwa vilivyoharamishwa, na katika Sura Al-An'am aya ya 121 tumekatazwa kula kisichotajiwa jina la Allah. Muislamu anayeuliza yuko katika haki yake.

Lakini swali lina adabu zake. Katika Al-Maida hiyo hiyo, aya ya 5, Allah (s.w.t) ametuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu kabla yetu. Wanazuoni wamefafanua masharti ya nyama inayohusika, na kila mmoja wetu anaweza kumuuliza shekhe wake. Hata hivyo aya yenyewe inatosha kutujulisha kwamba Uislamu haukumtazama jirani Mkristo kama mtu wa kukimbiwa sahani yake. Mama Aisha (r.a) amesimulia, katika Sahihi ya Bukhari, kwamba watu walimwambia Mtume (s.a.w) kuwa wanaletewa nyama wasiyojua kama imetajiwa jina la Allah au la. Mtume aliwaelekeza wao wenyewe walitaje jina la Allah, kisha wale. Hakuwatuma wakawahoji walioileta kama washitakiwa.

Katika nchi yetu, kwa mazoea ya miaka mingi, nyama inayouzwa kwa umma huchinjwa na Muislamu, na wafanyabiashara wasio Waislamu wameyaheshimu mazoea hayo kwa sababu wanataka kila mteja ale kwa amani. Mazoea hayo si ya kuchezewa. Tunakumbuka Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, pale mzozo wa nani achinje ulipofikia watu kupigana na mtu kupoteza uhai wake. Mtu auawe kwa sababu ya kisu cha kuchinjia! Neno moja la dharau lililotamkwa benchini huweza kuonekana dogo, lakini moto wa namna ile huanza na cheche za namna hiyo.

Mtazame basi yule mama wa Singida. Ni Mkristo, na hakuna aliyemlazimisha. Kila asubuhi humlipa mzee wa Kiislamu achinje, ili sisi tusiomjua tukila tusiwe na wasiwasi. Ameibeba amana ya dini yetu kwa miaka kumi na moja. Sisi tukamrudishia nini? Tulimwambia haaminiki, kisha tukaondoka bila kulipa. Baina ya wawili hao, ni nani hasa asiyeaminika?

Kilichomo ndani ya sahani moja

Msafiri huona sahani tu. Ni vyema ajue kilichotangulia kabla ya sahani hiyo kumfikia. Kuku wa kienyeji si kama kuku wa kisasa wa nyama, ambaye huwa tayari kwa soko katika wiki tano au sita. Wa kienyeji huhitaji kiasi cha miezi sita. Katika muda huo mwewe yupo, kicheche yupo, na zaidi ya wote upo ugonjwa wa mdondo, ambao ukiingia kijijini huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Ipo chanjo ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, lakini nayo inataka mtu wa kukumbuka na fedha ya kuinunua.

Katika vijiji vya Ikungi, Iramba na Mkalama, kuku hao mara nyingi ni mali ya akina mama. Mama huuza kuku wawili akanunua daftari na sare, au akampeleka mtoto zahanati. Wengine hupakiwa kwenye matenga wakasafirishwa hadi Dodoma na Dar es Salaam, na wengine huishia katika sufuria za stendi. Mama lishe humnunua kuku huyo, akanunua mkaa, unga, mafuta na maji, akamlipa mchinjaji na msichana wa kuosha vyombo. Kisha kuku mmoja humgawa vipande vinne.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Huenda vipande vitatu vikarudisha gharama, na kile cha nne ndicho faida. Mteja mmoja akikimbilia basi bila kulipa, amekula jasho lote la mama yule kwa kuku mzima. Wakikimbia wawili, amepika kwa hasara, na jioni atarudi kwa wanawe akiwa na deni. Kwa msafiri ni shilingi elfu chache alizozisahau kabla ya kufika Manyoni. Kwa mwenye sufuria ni mtaji wa kesho.

Al-Miqdam (r.a) amesimulia kutoka kwa Mtume (s.a.w) kwamba hakuna mtu aliyepata kula chakula bora kuliko kile anachokila kutokana na kazi ya mkono wake. Yule mama anakula kazi ya mkono wake. Je, sisi tunaoondoka bila kulipa tunakula kazi ya mkono wa nani?

Deraya ya Mtume

Katika Sura An-Nisaa aya ya 29, Allah (s.w.t) amewakataza waumini kula mali zao baina yao kwa batili, isipokuwa iwe biashara kwa kuridhiana. Kuridhiana! Mwenye chakula ameridhia kukupa kwa sharti la kulipwa. Ukivunja sharti, ridhaa yake imeondoka, na kilichobaki tumboni mwako hakina jina jingine ila dhulma.

Wapo wanaojidanganya kwamba mali ya asiye Muislamu ni jambo jepesi. Hao na waisome sira ya Mtume wao. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Mama Aisha (r.a), kwamba Mtume (s.a.w) alifariki dunia deraya yake ikiwa imewekwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya pishi thelathini za shayiri. Ndugu msomaji, simama hapo kidogo. Huyu ni kiongozi wa dola ya Madina, ambaye masahaba walikuwa tayari kumtolea roho zao. Alipohitaji chakula cha nyumbani kwake alikwenda kwa mtu asiye wa dini yake, akakichukua kwa mkopo, na akaacha vazi lake la vita kuwa dhamana. Hakusema "nitampa siku nikipita tena". Aliacha kitu mkononi mwa mwenye mali, ili mwenye mali alale kwa utulivu.

Sisi tuliacha nini mezani kwa mama wa Singida? Tuliacha mifupa.

Lipo na jambo la kumtisha msafiri hasa. Dua ya msafiri ni miongoni mwa dua zinazotarajiwa kujibiwa. Lakini Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a) habari ya mtu ambaye Mtume (s.a.w) alimtaja: amesafiri safari ndefu, nywele zimetimka, amejaa vumbi, ameinua mikono mbinguni anamwita Mola wake, hali chakula chake ni cha haramu, kinywaji chake ni cha haramu na vazi lake ni la haramu. Mtume akauliza, atajibiwa vipi mtu huyo? Utaona kwamba msafiri huyu hakukosa vumbi wala machozi. Alichokosa ni tonge safi.

Cheti hakimpimi mlaji

Wenzetu wa nchi nyingine wamelitafutia suala la halali utaratibu mzuri. Huko Singapore, ambako Waislamu ni wachache kati ya Wachina, Wahindi na wengineo, watu wa dini zote hula katika masoko ya wachuuzi wa vyakula, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha ya turathi za ubinadamu. Pale huuzwa tambi za wanton, chakula chenye asili ya Kichina ambacho kwa kawaida huandaliwa kwa nyama ya nguruwe. Wapo wachuuzi wanaozipika kwa kuku wa halali, na Baraza la Kiislamu la nchi hiyo, MUIS, hutoa vyeti ambavyo mchuuzi huvitundika mbele ya banda lake. Mteja husoma, akaketi, akala. Hapana haja ya kumhoji mtu.

Ni utaratibu wa kupongezwa. Lakini hata cheti kizuri namna gani hueleza habari za nyama na sufuria tu. Hakuna baraza linaloweza kutundika cheti kifuani mwa mlaji kuthibitisha kwamba analipa anachokula. Hapo kila mmoja ni shahidi wa nafsi yake, na Allah (s.w.t) ni Mwenye kuona.

Wauzaji nao wana sehemu yao

Uadilifu unataka tuseme na upande wa pili. Mtume (s.a.w) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, akakuta unyevu uliofichwa. Alimkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone, na akaeleza kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Basi ndugu zetu mnaouza vyakula, Waislamu na wasio Waislamu, mjue kwamba msafiri mwenye haraka ni amana. Kuku aliyekufa kwa mdondo asipikwe akauzwa kama aliyechinjwa, kwani huyo ni nyamafu. Mafuta ya alizeti, ambayo mkoa wenu umejaaliwa, yasikaangiwe siku baada ya siku mpaka yakawa meusi. Kipande cha jana kisichanganywe na cha leo kwa kutegemea kwamba mteja hatarudi kulalamika.

Na madereva pamoja na makondakta, nao wana sehemu yao. Dakika kumi walizowaahidi abiria ziwe kumi. Honi inayopigwa kabla ya wakati huwapa wanyonge wa imani kisingizio walichokuwa wakikitafuta.

Tuwafundishe watoto wetu

Nawaomba wazazi wanaosoma ukurasa huu nyumbani na watoto wao wayafikirie mambo machache. Tunaposafiri na watoto, wanatutazama. Wakituona tunamsalimu mama lishe kwa "shikamoo" kabla ya kuuliza, watajifunza kwamba heshima haiulizi dini. Tunapotaka kujua habari ya kuchinja, tuulize kwa upole na pembeni: "Samahani mama, sisi ni Waislamu, je, kuku wamechinjwa na nani?" Swali hilo halimuudhi mtu. Tulipe kabla ya kula, hasa stendini, ili honi ikilia tuwe tumemaliza haki ya mwenzetu. Na tumpe mtoto fedha akamkabidhi mwenye chakula kwa mkono wa kulia, aseme ahsante. Mtoto aliyelelewa hivyo, akiwa mkubwa hataona fahari kumkimbia mama wa watu.

Wala sisemi haya kama mtu aliye safi. Yule kijana alipomtolea mama maneno yale, mimi niliinamisha macho kwenye sahani yangu. Na ukweli ni kwamba, miaka mingi iliyopita nikiwa mwanafunzi, niliondoka stendi moja bila kulipa chai na maandazi mawili, kwa kisingizio hicho hicho cha basi. Niliporudi baada ya miaka, kibanda hakikuwepo na hakuna aliyemjua mwenyewe. Nilifuata waliyoelekeza wanazuoni kwa aliyekosa mwenye haki yake: kutubu, na kutoa sadaka kwa niaba yake. Lakini mpaka leo sijui kama yule mama alinisamehe, na sitalijua hilo mpaka Siku ambayo fedha haitafaa kitu.

Ndiyo maana sikuweza kumnyamazia kijana mara ya pili. Mimi nilikuwa nimelipa kwa simu, na namba ya mama, iliyoandikwa kwa chaki kwenye mbao za kibanda, ilikuwa bado imo katika ujumbe wa muamala. Nilimwonesha. Tulikuwa tumekwishaipita Ikungi. Aliitazama namba kwa muda, akatuma shilingi 5,000, kisha akarudisha simu mfukoni.

Haukupita muda mrefu, simu yake ikaita.

"Ndiyo mama, ni mimi," alisema. "Yule wa kofia." Akanyamaza, akisikiliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, tofauti na ile ya benchini, "Na yale maneno pia, mama. Unisamehe."

Sikusikia alilojibiwa. Nilimwona tu akiivua kofia, akaiweka magotini, akageukia dirishani. Baada ya kitambo aliniambia, "Amesema tufike salama."

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo dua ambayo msafiri anaihitaji, na thamani yake ilikuwa sahani moja ya ugali. Kabla ya safari yako ijayo kumbuka: kama upo mezani mahali ambapo ulipaacha na deni, na mwenyewe yu hai, namba ya simu ni rahisi kuitafuta leo kuliko kumtafuta mtu huyo kesho mbele ya Mola wako.

Ewe Mola wetu, turuzuku cha halali, utuwezeshe kukila kwa halali, na utujaalie kuwa watu ambao majirani zetu wa dini zote wanasalimika na ndimi zetu na mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.